Pasaka Niliyorudi kwenye Kinanda

Mkono wangu wa kushoto ulivunjwa handakini. Ilikuwa Hali ya Hatari, na serikali ya kikoloni ilikuwa imetuhamishia sote katika kijiji kimoja upande wa Tetu. Wanawake tulilazimishwa kuchimba handaki kukizunguka, ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula kwetu. Siku moja nilisimama kunyoosha mgongo. Homgadi mmoja, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, kijana tuliyezoea kusali naye, akanipiga rungu karibu na kiwiko. Nilisikia mfupa kabla ya kusikia uchungu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni na mpiga kinanda wa kanisa. Mke wa mchungaji, bibi wa Kizungu, alinifundisha tangu utotoni: nyimbo za ibada, na pia muziki wa kale wa Ulaya, ule ambao kila mkono una wimbo wake. Dresa, mhudumu wa zahanati ya misheni, alinifunga vibao, akaandika barua kwamba nisichimbe mpaka mkono upone.

Miezi mitano nilijizoeza juu ya meza ya darasani, bila sauti. Kidole cha pete kilikataa kwa muda mrefu. Kwaya nayo ilikuwa ikipungua. Wanaume wa sauti nzito walichukuliwa mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kuuliza wamepelekwa wapi.

"Pasaka utapiga," bibi akaniambia. "Mkuu wa wilaya atakuja."

Wiki moja kabla, nikifanya mazoezi mchana kanisani, niliona kivuli sakafuni. Yule homgadi alikuwa amesimama mlangoni na kofia kichwani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkono imepona, mwalimu?"

"Bado kidogo."

"Mimi nasikia imepona." Akatabasamu. "Jumapili tutasikia wote."

Nilimwelewa: nikipiga vizuri, nitarudishwa handakini. Nilifunga kinanda, nikaenda nyumbani.

Nilipomweleza mama, alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Kosea," alisema. "Kosea mara mbili tatu, mtoto wangu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Na handaki je, hulijui?"

Kweli nilikusudia kukosea. Nilichagua hata mahali, katikati ya kipande cha muziki wa Ulaya nilichokiandaa, pale mkono wa kushoto unapobaki peke yake. Jumapili kanisa lilijaa. Homgadi aliegemea ukuta, macho yake kwenye vidole vyangu. Nilipofika mahali pale, vidole vikapita bila kukwama. Ile sauti niliyoikosa miezi yote ilinijia nzima, nami sikuweza kuitupa. Nilipomaliza, mkuu wa wilaya alipiga makofi, peke yake, mahali ambapo hatukuwa na desturi ya kupiga makofi.

Jumanne asubuhi jina langu lilisomwa pamoja na majina ya wachimbaji. Bibi alikwenda kuniombea. Akajibiwa kuwa mkono unaoweza kupiga vile unaweza kushika jembe.

Nilichimba msimu wote wa mvua. Mkono ulifura, mfupa ukaachana, ukaunga tena vibaya, na vidole viwili havikunyooka tena. Baadaye nilirudi kanisani, nikapiga nyimbo za ibada kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukigusa noti chache tu chini. Ule muziki mwingine sikuujaribu tena. Mama alinikanda mkono kwa maji ya moto kila jioni kwa miaka mingi, wala hakunikumbusha hata mara moja alichokuwa ameniambia.