Tumbo la Kila Jumatatu

Kila Jumatatu asubuhi binti yangu alikuwa akishika tumbo na kukataa uji. Tulimpa dawa ya minyoo, tukampeleka zahanati, lakini hawakuona kitu. Baba yake akasema ni uvivu, halafu akarudia wimbo wa wazazi wa huku kwetu: "Usiposoma, utachuma chai!"

Jumamosi moja tulikuwa shambani kwetu Kimulot, mimi nikichuma, yeye akifuata nyuma ya kikapu changu. Akaniuliza polepole, "Mama, wewe ulikosea nini ndio ukawekwa kuchuma chai?"

Nilitua kikapu. Hasira ilinipanda, lakini si kwake. Kumbe wimbo ule wa baba yake ndio uliokuwa minyoo!

"Sikukosea kitu," nikamwambia. "Hii chai ni yetu, na mimi naipenda."

Nikamwonyesha jinsi ya kuchuma majani mawili na chipukizi lake. Alichuma mpaka vidole vikawa vyeusi, huku akicheka.

Jumatatu alimaliza uji, akaomba mwingine. Baba yake akaanza, "Usiposoma..."

"Nitachuma na mama!" mtoto akamalizia, amefurahi kabisa.

Baba yake akainywa chai yake.