Salamu Waliyoiitikia Moyoni

Ndugu zangu, leo nimetoa salamu mlangoni mwa madrasa yangu, watoto hawakuitikia, nami nikamshukuru Mwenyezi Mungu.

Tangu vita vianze huko mpakani, madarasa yote ya mtaa wetu hapa Kariakoo yanafundishwa kujifungia.
Filimbi ikilia, mlango hutiwa komeo, watoto hulala chini kimya, na hakuna kufungua mpaka filimbi ya pili.

Juma lililopita tuliaibika.
Mgambo alipiga hodi kutujaribu. Darasa zima likapaza sauti: "Karibu! Shikamoo!"
Binti mmoja akaenda kumfungulia.

Balozi wetu wa nyumba kumi hakucheka. "Maalim, wakirudia, madrasa nitaifunga hadi vita viishe."

Ningemlaumu nani? Adabu hiyo nimewafundisha mimi.

Leo filimbi imelia tena, na balozi akataka nibishe hodi mimi mwenyewe.

"Hodi!"
Kimya.

"Labda wananyamaza kwa kukuogopa wewe," akaninong'oneza. "Toa salamu tuone."

Hapo nilisita, kwani kuitikia salamu ni wajibu, nao wanalijua hilo vyema.
"Assalaamu alaykum!"
Kimya. Hata kikohozi hakikusikika.

Filimbi ya pili ikalia, komeo likaondolewa. Mjukuu wangu Zuhura akachungulia, machozi yakimlengalenga.
"Babu, usitukasirikie. Tumekuitikia moyoni."

Balozi akavua kofia yake. "Maalim, endeleeni kusoma."

Alhamdulillahi, kesho tunasoma.
Nanyi wenzangu mnaofundisha, nijulisheni: wa kwenu walinyamaza?