Diski ya Nne

Tulikuwa wapiga video wanne tuliokodi chumba kimoja juu ya duka la misumari na mabati huko Rhonda, Nakuru, na kelele yetu ya kila siku ilikuwa moja: "Harusi ya fulani iko kwa diski ya nani?" Kila mtu alikuwa na diski yake, na kila diski ilikuwa na utaratibu wa mwenyewe, yaani hakuna. Mimi nina hasira za karibu. Siku niliyotafuta video ya mazishi asubuhi nzima, nikaja kuipata kwenye folda iliyoandikwa "Mpya mpya 2", niliapa kuziunganisha zote.

Nikasoma, nikauliza, nikatafuta kisanduku cha kuchomekea diski nne na kompyuta kuukuu ya kukiendesha. Diski zikiunganishwa hivyo, kompyuta inaziona kama ghala moja kubwa, na kila video inakatwa vipande vipande na kugawanywa kwa zote. Ipo njia ya tahadhari, ambapo nafasi ya diski moja huachwa kama akiba, ili mojawapo ikifa zilizobaki zizibe pengo. Wenzangu hawakutaka kuisikia. "Diski nzima ikae bure, na sisi tunalia nafasi?" Ningekaza. Lakini siku hiyo nilitaka wanipende, nikalegea. Kosa hilo ni langu na simgawii mtu.

La pili pia ni langu. Walipoomba niwaeleze, niliwaambia, "Ni kama chama tu, kila mtu anachanga diski yake." Wakaridhika. Nani hajui chama cha kuchangiana pesa?

Miezi kadhaa baadaye mmoja wetu, yule mpole kuliko sote, akapata kazi Longonot ya kuwapiga picha watalii wanaopanda mlima. Tukamchomea nyama, tukamwombea. Siku yake ya mwisho akaniambia, "Boss, niazime bisibisi." Nikampa bila kuuliza, nikateremka kwenda kunywa chai. Huku nyuma akazima kompyuta, akafungua kisanduku, akatoa diski yenye stika yake, akafunga vizuri. Niliporudi akanirudishia bisibisi na kunishukuru. Ukitoka kwenye chama, si unaondoka na chako?

Jumatatu ghala halikufunguka. Hazikupotea video zake pekee, zilipotea zote. Vipande vya kila kazi yetu vilikuwa vimehamia Longonot.

Asubuhi hiyo hiyo akapanda ngazi mama mmoja wa Dundori ambaye niliwahi kupiga video ya harusi ya binti yake.

"Ile flash ulitupatia, wajukuu walifuta wakaweka katuni," alisema. "Nataka tu pale mzee alisimama akaongea."

Mumewe alikuwa amepata kiharusi. Hasemi tena, anatazama ukuta tu, na watu nyumbani walikuwa wameanza kumzungumzia mbele yake kana kwamba hayupo. "Sijui kama bado ananisikia," mama akasema. "Nataka ajisikie yeye mwenyewe, nione."

Nikamwambia arudi wiki ijayo, stima inasumbua. Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Akaiangalia, akaniangalia, akasema, "Sawa, nitangoja." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Nikampigia mwenzetu simu, hashiki. Nikamwandikia, hajibu. Nikamwita mwizi mbele ya kila aliyetaka kusikia. Mama akarudi, nikamdanganya tena. Wiki ya tatu nikafunga safari ya Longonot nikiwa nimejaa maneno ya kumtapikia.

Nilimkuta kwenye kibanda chake cha picha. Hakunipa mkono.

"Mlifuta kazi yangu yote," akaanza yeye. "Niliweka hiyo diski kwa laptopu, ikaniambia haiwezi kuisoma, ati niifomati, ifutike yote. Miaka yangu yote! Kama mlikuwa na kinyongo, si mngeniambia tu?"

Nikamkatiza: "Na ukaifomati?"

Akavuta begi chini ya meza, akatoa diski iliyofungwa kwa taulo ndogo safi. "Ningeifomati aje? Nangoja nipate mtu anajua kurudisha vitu. Harusi ya dada yangu iko hapo ndani."

Wiki tatu nilikuwa nikimwita mwizi, naye wiki tatu alikuwa akitunza kitu alichoamini kuwa sisi ndio tulikiharibu. Nikakaa kwenye benchi lake nikamweleza upya, safari hii bila kutaja chama. Nikamwomba msamaha.

"Sasa boss," akasema, "si ungesema tu hizo vipande zimechanganyika? Ningewaachia hiyo diski."

Akafunga kibanda, akaibeba mwenyewe hadi Nakuru. Ghala likafunguka. Tukanakili kila kitu pembeni, tukaunganisha upya, na siku hizi ipo nafasi ya diski nzima inayokaa bure na hakuna anayelalamika.

Kesho yake sisi wawili tulipanda Dundori na laptopu. Mama alimgeuza mzee kwenye kiti, kisha akaketi akimtazama yeye, si skrini. Kwenye video mzee alisimama na koti lake jipya, akamnyooshea bwana harusi kidole.

"Huyu kijana alikuja kununua viazi kwangu. Akarudi. Wiki haijaisha, akarudi tena. Mimi nikafikiria..."

Hapo, kabla sauti yake haijafika mwisho wa sentensi, mzee aliye kitini akaanza kucheka. Mabega yalitikisika, mdomo umepinda upande mmoja, machozi yanamshuka.

"...nikafikiria ati viazi zangu ni tamu sana!" akamalizia mzee wa kwenye video, na hema zima likaangua kicheko. Mzee wa kitini alikuwa ameshawatangulia wote.

Mama akamshika mkono.

"Kumbe uko," akamwambia. "Kumbe umekuwa hapa, na mimi naongea kama niko peke yangu."