Kicheko Katikati ya Miksi

Hakuna mshono mbovu uliopita mbele ya macho ya mwanamke huyu ukasalimika. Kazi yake kiwandani ilikuwa kukagua mashati kabla hayajakunjwa. Anageuza kola, anavuta kifungo, anapitisha kidole gumba ndani ya kwapa, na shati likiwa na kasoro analitupa kapuni bila hata kumtazama aliyelishona. Wenzake walimbandika jina la Darubini, naye hakulikataa. Shida ni kwamba kazi ile ilimfuata hadi nyumbani. Alikagua masufuria yaliyooshwa, alikagua visingizio, na alimkagua mumewe kila alipovuka kizingiti.

Mumewe alikuwa fundi friji, mtu mpole, mzito wa maneno. Kwa muda wote waliokaa pamoja, Darubini hakuwahi kumsikia hata akipiga mluzi. Redio ikiwashwa, yeye huuliza tu kama taarifa ya habari imeshapita. Ndiyo maana alishtuka Alhamisi moja, wakati wa mapumziko ya mchana, simu yake ilipoanza kulia mfululizo kama imepandwa na wazimu. Kwenye kundi la familia Fundi alikuwa ametuma miksi ya muziki, nyimbo zimeunganishwa moja kwa nyingine, na chini yake ameandika: "Ya sherehe yetu. Nimeitengeneza mwenyewe. Sikilizeni mniambie."

Sherehe yenyewe ilikuwa ya kutimiza miaka ishirini ya ndoa yao. Darubini alikuwa amempa mumewe kazi moja tu, ya kutafuta viti. Habari za muziki hakuwa amemtuma mtu.

"Shemeji, umeua!" aliandika kaka yake mkubwa. Wifi yake alimwaga mioyo myekundu skrini nzima. Mjomba mmoja, ambaye kwenye kundi lile huwa haandiki kitu ila taarifa za misiba, alisema amecheza mpaka mgongo umekamata. Kisha shangazi akauliza: "Haya mambo ulikuwa umeyaficha wapi, baba?"

"Hata mimi nataka kujua," Darubini akajisemea.

Alimwita shoga yake wa meza ya jirani, dada mnene mcheshi waliyemwita Kibonge, wakagawana waya wa kusikilizia, sikio moja kila mtu. Zilikuwa nyimbo za dansi za zamani, magitaa yanabembelezana, tarumbeta zinajibizana. Kibonge alianza kutikisa mabega na kijiko mkononi. Darubini hakutikisa kitu. Nyimbo hizi hakuzijua hata moja, na mwanamume asiyejua wimbo wowote alikuwa amezipanga kwa ustadi, wa taratibu kwanza, wa kuchangamsha baadaye, kama mtu aliyekulia ukumbini.

Ndipo, wimbo wa nne ulipokuwa unafifia, akasikia. Mwanamke alicheka. Kicheko cha chini, cha kujiachia, kisha mnong'ono uliomezwa nusu na tarumbeta: "Rudisha hapo."

Kibonge aliacha kutafuna. "Huyo si mwimbaji."

"Najua."

"Huyo alikuwa karibu na simu. Karibu sana, shoga."

"Nimekwambia najua!"

Mchana ule Darubini alitupa kapuni mashati mengi kuliko kawaida, na wasichana wa cherehani wakatazamana.

Jioni hakumvaa mumewe moja kwa moja. Alimwekea chakula, akakaa mbele yake, akashika tama.

"Miksi nzuri," akasema.

Uso wa Fundi ukachanua. "Kweli mama?"

"Nzuri sana. Hizo nyimbo umezitoa wapi?"

"Mtandaoni."

"Na ulizijuaje?"

"Nimezisikiasikia tu." Alijifanya anatafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele ya pua yake.

Darubini alimsogezea ile chumvi. Mumewe alipoingia kuoga, Darubini alifungua begi lake la kazi. Chini ya koleo na mtungi mdogo wa gesi alikuta kaseti ya zamani, imeviringishwa kwa kitambaa laini kama mtoto mchanga. Aliinusa. Ilikuwa na harufu ya nguo zilizolala sandukuni muda mrefu. Mtandaoni gani huko kunakouzwa kaseti? Akairudisha ilivyokuwa.

Kesho yake alimpigia simu mama yake. Mama alikuwa mjane, aliishi peke yake mtaa wa pili, na simu yake ya vitufe haikupokea miksi za mtu. Alikuwa mama wa msimamo. Watoto wake walikua hawajui kucheza, kwa sababu nyumbani kwao muziki uliitwa uhuni, na aliyekamatwa anakata kiuno mbele ya kioo alichapwa. Darubini alitegemea kwamba mama atawaka moto.

"Mama, nadhani mkweo ana mtu."

"Nani kakwambia?"

Darubini akamweleza kila kitu, miksi, kicheko, kaseti.

"Aa, achana naye," mama akasema. "Muziki tu huo."

"Muziki tu? Wewe, mama, ndiye unayesema muziki tu?"

"Nina sufuria jikoni, mwanangu. Tutaongea." Simu ikakatwa.

Darubini alibaki ameitazama ile simu. Kwa hiyo hata mama alikuwa anajua, na amekubali kumfunika! Au Fundi alikuwa amemwendea mapema, kwa unyenyekevu wake ule, akamlainisha. Wamekula njama. Siku nzima alijihisi kama mtu anayesemwa kwenye chumba asichokijua.

Jumamosi asubuhi Fundi alibeba begi lake. "Friji ya mwenye bucha imekufa tena," akasema, akiangalia viatu vyake. Darubini alimpa nafasi ya kupotea kwenye kona, kisha akajifunga kilemba na kutoka.

Mwenye bucha alikuwa anakata mbavu. "Friji? Hii hapa inaunguruma. Fundi sijamwona siku nyingi. Msalimie."

Darubini alishukuru kwa sauti isiyokuwa yake. Hakuwa na pa kwenda ila kwa mama. Hata kama mama anaficha, leo atamtapisha.

Alipofika karibu na mlango alisikia tarumbeta. Tarumbeta ileile. Na kwenye kizingiti, vimewekwa sambamba kwa adabu, viatu vya mumewe.

Hakubisha hodi.

Fundi alikuwa amekaa sakafuni na bisibisi mdomoni, mbele yake redio kaseti kuukuu iliyofunuliwa mgongo, simu yake imeegemezwa kwenye spika kurekodi. Na katikati ya chumba, ameshikilia mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, mama yake alikuwa anacheza. Hakuwa anayumbayumba kizee. Alikuwa anacheza kwa kujua, miguu inateleza, nyonga inachelewa kidogo halafu inawahi. Alikuwa anacheka, na kicheko kile Darubini hakuwahi kukisikia nyumbani kwao hata siku moja.

Fundi alimwona kwanza. Bisibisi ikaanguka.

"Mama," akamwambia mkwewe, "tumekamatwa."

Bibi mzee alizima redio, akakaa kwenye kile kiti, akajifunika mtandio kana kwamba ameonekana uchi. Fundi akaanza kujieleza kwamba redio ilikuwa mbovu, mama alimwita aitengeneze kimyakimya, kaseti zikaonekana zinaoza, akaona azihamishie kwenye simu kabla hazijafa. "Nyimbo amezipanga yeye. Mimi nabonyeza tu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniomba nisiseme."

Darubini alimgeukia mama. "Mimi mwanao nipo. Fundi unamwita, mimi hunijui?"

"Yeye haulizi," mama akasema. "Wewe ungeuliza."

Jibu lile lilimchoma kwa sababu lilikuwa kweli. Lakini hakurudi nyuma. "Basi nauliza. Ulijifunza wapi kucheza hivyo?"

"Ukumbini. Kabla yenu. Kila wiki nilikuwepo, na watu walikuwa wanasimama kunitazama." Alisema kwa aibu na kwa fahari, vyote pamoja. "Baba yako alikuwa analinda mlango pale."

"Baba?"

"Ndiyo, baba yako."

"Na mimi ulinichapa. Sherehe ya kumaliza shule ulinifungia ndani, mama. Nililia mpaka nikatapika."

Mama alikunja na kukunjua ncha ya mtandio. "Nilikuwa najua wanaume walivyokuwa wananitazama. Nikaona nikuzuie mapema. Labda nilizidisha."

"Labda?"

"Nilizidisha."

Fundi aliokota bisibisi, akasema anakwenda kununua betri, akatoka kwa miguu mitupu. Darubini alikaa kwenye mkeka. Kuhusu mume alikuwa ametua mzigo, tena kwa haya, maana alikuwa amemhukumu tangu Alhamisi bila kesi. Ila hasira ya yule binti aliyefungiwa ndani haikutoka. Aliomba kaseti ianzishwe upya, akasikiliza akiwa amenuna, mpaka upande wa kwanza ukaisha.

Siku ya sherehe miksi ilipigwa, wageni walijaa katikati, mjomba alikamatwa mgongo kwa mara ya pili, na watu wote walimpongeza Fundi. Mama alikaa pembeni na mtandio wake kama mtu asiyehusika. Darubini alimfuata, akamnyooshea mkono.

"Nifundishe," akasema. "Mimi sijui."

Walicheza polepole, mama akimsukuma kiuno kwa kiganja: chelewa, chelewa, sasa. Katikati ya wimbo, gitaa lilipobaki likilia peke yake, mama alifumba macho na tabasamu likampita usoni, si la mtu anayemkumbuka mlinzi wa mlango.

"Nani anapiga gitaa hilo?" Darubini akauliza.

"Mtu tu wa zamani," mama akasema. "Angalia miguu yako."

Darubini aliangalia miguu, kisha akamwangalia mama yake kwa jicho lile la kiwandani, na safari hii hakuuliza la pili. Lakini Jumamosi iliyofuata, Fundi alipobeba begi lake kwenda kwa mkwewe, alimkuta mkewe ameshafunga kilemba, anamngoja mlangoni.