Nilimfuta Mama wa Bibi Yangu

Nimekosa, jamani. Msinitetee, wala msiniambie ni shetani. Ni mimi, kwa mikono yangu na akili zangu timamu.

Bibi mzaa mama, aliyenilea, alikuwa na picha moja tu ya mama yake. Picha ya zama za Mjerumani, ilipigwa kijijini kwao upande wa Nanyamba na Mzungu aliyekuwa akipita. Msichana kasimama kando ya kinu, mchi mkononi, kifua wazi, chale usoni, na ndonya kubwa, kile kipande cha mti walichokivaa wanawake wa Kimakonde kwenye mdomo wa juu. Anakutazama moja kwa moja, kama ana swali.

Yule mama alifariki Bibi akiwa mdogo sana. Sura yake aliijua kwa picha ile tu! Nilipomhamishia kwangu mjini alikuja nayo imefungwa ndani ya kanga, tukaitundika sebuleni. Akimaliza kuswali Alasiri anakaa mbele yake: "Shikamoo mama. Leo mguu hauumi sana."

Basi mwanangu akapata mchumba. Wakwe wakasema wanakuja kutoka Dar es Salaam. Nikaitazama ile picha, nikaona aibu! Watasema tumetoka porini.

Nikaipeleka kwa fundi wa picha mjini. "Toa hiyo ndonya. Chale futa. Mvalishe na mtandio."

Akanitazama. "Mama, nikitoa ndonya, mdomo wake sijui ulikuwaje. Itabidi nibuni."

"Buni tu, mwanangu."

Akabuni. Ikatoka kubwa, ya rangi, mwanamke mzuri anatabasamu. Na ile ya zamani? Nikaichoma na takataka nyuma ya nyumba, nikiogopa Bibi asije akaitoa mbele ya wageni. Ole wangu!

Bibi akaisogelea ile mpya, akapapasa kioo.

"Nani huyu?"

"Ni mama yako, Bibi. Tumemsafisha tu."

"Huyu simjui. Mama yangu mmempeleka wapi?"

Siku ya posa wageni wakaisifu picha. Bibi akawaambia, "Huyo mwanamke kaingia humu ndani, kakaa mahali pa mama yangu." Wakatazamana. Nikacheka, nikasema, "Msameheni, uzee huo. Amechanganyikiwa."

Hapo ndipo nilipomuua. Ndugu zangu wote wakaamini, maana niliwaambia picha ni ileile, imesafishwa tu! Kaka yangu akaleta mashehe, wakamsomea. Bibi analia, "Mimi sina wazimu! Namuulizia mama yangu!" Na mimi nimekaa palepale mkekani, naitikia amina!

Tangu hapo, akipita sebuleni anajifunika kanga usoni asionane na yule mwanamke. Mwisho akaacha kutoka chumbani kabisa.

Alifariki msimu wa korosho ukiisha, nimemshika mkono. Nikamnong'oneza, "Bibi, niliichoma mimi." Sijui kama alisikia. Alikuwa ananitazama mdomo tu, kama anayetafuta kitu.

Nilirudi kwa fundi kuomba nakala ya ile ya kwanza. Kompyuta yake ilishaharibika, hakuna kilichobaki. Picha mpya nimeishusha, nimeifungia stoo, lakini wapi! Nikifumba macho nimkumbuke yule msichana wa kwenye kinu, anakuja huyu wa kubuni. Anatabasamu. Sura ya kweli imenitoka, na hapa duniani hakuna mwingine wa kumuuliza.

Ndugu zangu, kama mna picha za wazee wenu, ziwe za ndonya, za matambara, za miguu peku, ziacheni zilivyo! Wageni wataangalia mara moja, watakula pilau, wataondoka. Na mzee wako akikwambia "huyu siye", usikimbilie kumwita mwendawazimu ili kuficha aibu yako.

Kaka yangu mpaka leo anawasimulia watu jinsi Bibi alivyorukwa na akili uzeeni. Nakaa kimya, nainamisha kichwa. Ninyi ndio wa kwanza kuambiwa kwamba alikufa na akili zake zote.