Mkutubi Anayenong'ona Mtandaoni

Saa mbili kasoro asubuhi, mlango wa maktaba bado umefungwa. Mkutubi ameketi sakafuni kati ya rafu mbili za riwaya, simu kaiegemeza kwenye kamusi nene. Anasoma kwa kunong'ona. Anapofika pale mwizi anaposhika kitasa cha mlango, anafunga kitabu na kuacha kurekodi.

"Anayetaka kujua mlango ulifunguka au la, aje," anasema, akitabasamu kama mtu aliyetega mtego.

Wasomaji humwita Bi Nyamaza, na hawajamsingizia. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake kubwa ilikuwa kuwanyamazisha. Kisha ukumbi ukanyamaza kwelikweli, maana watu waliacha kuja. Aliyetaka jibu aliiuliza simu yake akiwa kitandani.

Mwaka jana mkuu wake alimweleza waziwazi kwamba viti vikibaki vitupu hadi Desemba, ukumbi utageuzwa stoo ya samani na yeye atahamishiwa masjala. Bi Nyamaza anakiri kwamba alilia chooni, akanawa uso, akarudi mezani.

Wifi yake, mshona nguo asiyeishiwa utani, ndiye aliyemfungulia kundi la WhatsApp na kumshauri awasomee watu ukurasa wa kwanza wa kitabu kila siku. Akasoma. Lakini kwa kuwa alikuwa ndani ya maktaba, sauti iligoma kupanda.

Malalamiko yakamiminika. Msikilizaji mmoja alipeleka simu kwa fundi akidhani spika imekufa. Wifi mtu akamwuliza kama anasoma kitabu au anamsengenya jirani.

"Nilijaribu kupaza sauti, nikajikuta najikaripia mwenyewe," anasimulia.

Alikuwa karibu kuliacha kundi pale mama mmoja alipoandika kwamba mwanawe, ambaye kumlaza ni vita, alibana sikio kwenye simu, akatulia tuli, kisha akadai mwendelezo. Dereva mmoja wa lori naye akasema anajisikia kama anaambiwa siri. Wiki hiyohiyo, watu wanne walifika kukiulizia kitabu kimoja.

"Nilidhani mtandao umekuja kuninyang'anya watu," anasema. "Kumbe nilikuwa sijaupa kazi."

Desemba ilipofika, mkuu alikuja na futikamba kuupima ukumbi. Hakupata hata pa kusimama vizuri. Bi Nyamaza alimsogelea na kumnong'oneza asubiri nje kidogo, kuna mtu anakaribia kumaliza. Mkuu akatoka, akasubiri. Habari ya stoo ikaishia hapo.

Sasa mkutubi huyu anaomba chumba cha pili, ambamo waliosoma kitabu watakibishania kwa sauti wanayotaka. Wifi yake anasema hatakaa humo dakika tano bila kumkaripia mtu.

"Nitajizoeza," anajibu. "Nimewanyamazisha watu hawa miaka yote hiyo. Nataka nisikie walichokuwa wanataka kusema."