Mkata Vitambaa na Lugha ya Kule

Msibani watu wengi walisimama wakasema marehemu alikuwa mtu mkimya. Nawashukuru kwa kuja, lakini si kweli. Baba yangu hakuwa mkimya. Nyumbani alibishana na redio, alimtania Mama kwa jinsi anavyofunga kilemba, na akianza habari za kiwandani chai ilipoa mkononi mwake. Kimya chake kilikuwa katika jambo moja tu. Mimi ni kitindamimba wake, sikuwahi kuhama nyumbani, na jambo hilo nililiona tangu lilipoanza mpaka lilipoisha.

Alikuwa mkata vitambaa katika kiwanda cha sare. Wenzake walimwita Mzee Chaki kwa sababu chaki ya buluu haikutoka nyuma ya sikio lake, hata siku ya ibada. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: kuna meza yenye urefu wa vyumba vitatu, juu yake kitambaa kinatandazwa tabaka juu ya tabaka, mpaka themanini. Juu kabisa zinawekwa karatasi ngumu zenye umbo la mguu wa suruali, la mfuko, la mkanda. Mkataji anazizungushia chaki, kisha anapitisha kisu cha umeme kinachokata tabaka zote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo ukikosea pale juu, hujakosea mara moja. Umekosea mara themanini.

Mwaka wake wa pili kazini, karatasi moja iliteleza upana wa kidole naye hakuona. Suruali themanini zikatoka mguu mmoja mfupi. Alihamishwa kufagia mabaki kwa miezi mitatu, na wenzake kila walipopita karibu na ufagio wake walichechemea.

"Mpaka leo nikimwona mtu anachechemea, najua ananisema mimi," alituambia.

Sisi tulicheka. Yeye alicheka kidogo tu. Tangu siku hiyo hadi alipostaafu, miaka ishirini na tisa, hakuharibu kipande kingine. Alipima, akapima tena, akaondoka kwenda kunywa maji, akarudi akapima kana kwamba ni mara ya kwanza. Msimamizi alikuwa akimpigia kelele, "Mzee Chaki, unakata au unaposa?" Baba hakujibu mpaka aridhike.

Kaka yangu mkubwa aliondoka nchini zamani, akaoa huko, na huko wakapata mtoto wa kike. Mtoto alikulia katika lugha ya mama yake. Kaka alikuwa anafanya kazi ya ghala kwa zamu, akirudi nyumbani mtoto amelala, na lugha yetu haikumwingia mtoto zaidi ya "shikamoo" na "njoo". Nyumbani tuliita ile lugha yao "lugha ya kule". Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana kaka alipiga simu ya video, na mtoto alitokea na meno yake mawili ya mbele hayapo, akituangalia kama watu wa kwenye televisheni.

Baba alipostaafu alitangaza mezani, "Nitajifunza ile lugha. Siwezi kufa mjukuu wangu akinijua kwa picha."

Hakuna kitu alichokitaka zaidi ya hicho. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa mwalimu mstaafu aliyefundisha lugha hiyo kwa miaka mingi, mama mmoja mchangamfu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Baba alimfuata na daftari jipya na penseli. Kila jioni aliandika sentensi tano. Mwalimu alizisahihisha, Baba alizinakili upya kwa wino, na Jumapili alizisoma mbele ya simu, amenyoosha mgongo kama mtu anayesoma taarifa ya habari.

"Hujambo, mjukuu wangu. Natumaini masomo yako yanaendelea vizuri. Hapa kwetu mvua imenyesha."

Hazikuwa na kosa hata moja. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kitu. Nakumbuka mara ya kwanza aliuliza kama tuna mbwa. Mimi nilisoma lugha hiyo miaka minne sekondari, nikaelewa. Baba alishika daftari, akafungua ukurasa wa nyuma, akafungua wa mbele. Jibu halikuwamo. Akatabasamu, akampa Mama simu.

Mama anauza viatu vya mitumba. Maisha yake yote amepatana bei na watu wa kila namna kwa vidole, kwa macho na kwa maneno ya kuokota. Alichukua simu akasema kwa lugha ya kule kitu ambacho, kwa maana yake halisi, kilikuwa, "Mbwa hapana. Mimi kiatu."

Mtoto aliangua kicheko mpaka akaanguka kwenye kochi. Tangu siku hiyo Mama akawa Bibi Kiatu. Mtoto alimsahihisha, Mama akarudia vibaya zaidi, makusudi nusu na bila kujua nusu, na Jumapili iliyofuata ungekuta neno lile analo. Baada ya mwaka walikuwa wakiongea robo saa nzima, Mama akiwa ameshika kiatu kimoja mkononi akionyesha soli, kamba, kisigino, mtoto akimpa majina. Baba alikaa pembeni na daftari lake, akinong'ona.

"Mzee Chaki," mwalimu alimwambia siku moja nikiwepo, "wewe unajifunza kama mtu anayetia saini hati. Mkeo kila akinijaribishia neno akakosea, nampata, najua pa kumshika. Wewe sina pa kukushika. Toa sauti hata moja mbovu nikusikie!"

"Mwalimu, kitambaa kikishakatwa hakirudi."

"Maneno si kitambaa, baba. Ukikosea unasema tena."

"Umesema mwenyewe," Baba alimjibu, "kuna wanafunzi wako sasa wana wajukuu, na bado wanakosea palepale walipokosea wakiwa na miaka kumi na miwili."

Mwalimu alikiri, kwa sababu kweli aliwahi kusema hivyo. Kosa lisipopata wa kulirekebisha huota mizizi. Baba akafunga daftari kama mtu aliyeshinda kesi.

Kisha kaka akatupigia simu siku ya kazi, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mama, nimeitwa shuleni. Mwalimu wake anasema mtoto siku hizi anaongea ovyo, anarukaruka maneno. Nikamsikiliza, nikaona kabisa ni wewe. Anaongea kama wewe, Mama. Anaona raha."

Aliongea kwa kucheka, lakini simu ilikuwa kwenye spika na Baba alisikia. Mama alipoikata, Baba akasema, "Umeona? Umekosea juu, na chini kimeharibika."

"Kimeharibika nini, mzee? Mtoto anacheka na bibi yake."

"Mtoto hajui kukataa. Unachompa ndicho anachovaa."

Mama alikuwa anakunja mfuko wa viatu. Aliukunja mpaka ukawa mdogo kama kitabu. "Haya. Basi nami nifunge mdomo, tuwe wawili."

Na kweli akaufunga. Jumapili iliyofuata alisalimia tu, akauliza afya, akampa Baba simu. Baba alisoma sentensi zake tano. Mtoto alimwita Bibi Kiatu mara mbili, Mama akampungia mkono kutoka mlangoni. Wiki kadhaa baadaye mtoto alikuwa anakuja kwenye simu akiwa na kitu kingine cha kuchezea, baadaye tena akawa haji mpaka avutwe. Ningeweza kumwambia Baba kwamba amekosea, nami nikaona heshima kunyamaza. Hilo nimeliungama mbele ya Mungu na bado sijapata amani nalo.

Kikohozi chake tulikizoea, wakata vitambaa wengi wanacho kwa vumbi la nyuzi. Lakini mwaka huo kilibadilika. Daktari alitazama picha ya kifua, akamwambia Baba avae shati, akaniita mimi pembeni. Mapafu yalikuwa yamechakaa. Alitaja miezi, akasema tusiihesabu.

Baba hakuuliza. Aliporudi nyumbani alimwita mwalimu, akasema hataki tena sentensi tano. Anataka moja. Atamwambia mjukuu wake siku ya kutimiza miaka saba, siku ambayo mwaka huo iliangukia Jumapili. Waliitengeneza kwa wiki sita. Pumzi yake ilikuwa inafupika na sentensi inarefuka. Mwalimu alimsihi aikate iwe mbili, ipumue, akakataa, kwa kuwa maneno ya katikati yalishikana. Kwa lugha yetu ni hivi: "Mimi ni babu yako, na nimekusikiliza kila Jumapili tangu ulipoanza kusema, na kila asubuhi ninakuombea kwa Mungu kwa jina lako."

Siku ilipofika tulimwegemeza kwa mito mitatu. Alikuwa amenyolewa, amevaa shati jeupe alilolipiga pasi Mama. Kaka alishika simu upande wa pili, nyuma yake maputo na kelele za watoto. Mtoto alitokea amevaa kofia ya karatasi.

Baba akasema, kwa lugha ya kule, "Mimi ni babu yako, na nimekusikiliza kila..." Pumzi ikakatika. Akakohoa. Mtoto akasema neno moja.

Baba alinyanyua kidole, ishara ya kungoja. Akaanza upya kutoka mwanzo. "Mimi ni babu yako..." Mtoto akasema lile neno tena, akitikisa kichwa. Baba akaendelea mpaka palepale, ikakatika. Mama akamwambia kwa kumbembeleza, "Endelea tu ulipofikia, mzee." Hakutaka. Akarudi mwanzo mara ya tatu. Mtoto akalisema neno lake mara ya tatu, sasa kwa sauti ya juu, kama mtu anayeongea na asiyesikia vizuri. Kisha kengele ya mlango ikalia kwao, wageni wameingia, na mtoto akaondoka mbio na kofia yake. Kaka alisema, "Baba, samahani, atarudi." Hakurudi.

Tulimlaza.

"Alikuwa anasema nini pale?" akaniuliza.

"Wapi, Baba?"

"Pale ninapoanza. Kuna neno alikuwa anasema."

"Alisema, najua."

"Anajua nini?"

"Kwamba wewe ni babu yake. Ulimwambia mimi ni babu yako, akakujibu, najua."

Neno hilo alikuwa nalo kwenye daftari tangu wiki ya kwanza. Aliweza kuliandika katika nyakati zote. Lakini hakuna aliyewahi kumtupia ghafla, naye hakuwahi kumtupia mtu, na lilipomjia kutoka kinywa cha mtoto lilipita kama kelele ya barabarani.

"Alinijibu," alisema.

"Mara tatu."

"Mbona hamkuniambia?"

Mama aligeukia dirisha. Mimi nilisema tulidhani anasikia. Huo ndio ukweli, na ni ukweli mbaya.

Jumanne asubuhi aliniita, nikakuta daftari lipo chini ya kitanda na mikono yake mitupu juu ya shuka. Akaniambia nimuulize kitu kwa lugha ya kule. Chochote. Nisimwambie mapema.

Nilimuuliza kama amekula. Alifumba macho, akajibu kitu kama, "Mimi uji yeye jana." Akafumbua jicho moja kunitazama kama nitachechemea. Nikamuuliza uji ulikuwa mtamu? Akasema, "Mtamu hapana. Mama yako kiatu." Alicheka mpaka kikohozi kikamkunja, nikamshika mabega, na alipotulia akasema, "Lingine." Nilimuuliza maswali kumi na moja. Alikosea tisa. Mawili aliyopatia sikumwambia ni yapi, wala hakuuliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake halisi katika lugha ile; kumbe ilikuwa sauti ileile iliyobishana na redio.

Jumatano tuliendelea, yeye mwenyewe akimwita Mama ajiunge. Mama mwanzoni alikuwa na kinyongo, akajibu kwa mkato. Kisha akamrekebisha neno moja, naye akalikosea, nikawarekebisha wote wawili, nami sina hakika kama nilipatia.

"Jumapili sisomi," Baba alisema. "Nitamuuliza kama alipata keki. Akiniuliza chochote, nitaona hukohuko."

Alifariki Alhamisi mchana, Mama akimbadilishia shuka. Namshukuru Mungu kwa zile siku mbili, nami nimemuuliza katika sala kwa nini hazikuwa mia mbili. Sijui kama ni dhambi kumuuliza hivyo. Mwalimu alipokuja kutupa pole alisema Baba angefaulu mtihani wowote wa maandishi, kisha akavua miwani yake akaifuta kwa ncha ya kanga.

Tulimzika Jumamosi. Jumapili baada ya chakula cha mchana simu ililia kwa saa yake. Kaka alikuwa ameniandikia kwamba hajaweza kumwambia mtoto, kila akianza anashindwa. Nilianza kupanga kichwani namna ya kusema, neno lipi litangulie, lipi ni laini zaidi kwa mtoto wa miaka saba. Nilikuwa bado napanga Mama alipoichukua simu mkononi mwangu, akaketi kwenye kitanda cha Baba, akaanza kusema kwa maneno yake mabovu ya lugha ya kule.